Barua ya thamani ya nyumba yako Texas imepanda? Jinsi ya kuipinga mwenyewe, hatua kwa hatua

Kila mwaka kuanzia mwezi wa nne hivi watu wetu wenye nyumba Texas, wa Dallas, Fort Worth, Houston na kwingine, wanapokea barua imeandikwa Notice of Appraised Value, na wengi wanaipeleka moja kwa moja kwenye droo maana wanaona kodi ya nyumba inalipwa na kampuni ya mogeji (mkopo wa nyumba), wao inawahusu nini. Jamani inawahusu sana. Hiyo barua si bili. Ni ofisi ya tathmini ya kaunti inakuambia "sisi tumekadiria nyumba yako ilikuwa na thamani hii tarehe 1 Januari, kama hukubali sema sasa". Ukinyamaza umekubali, na bili ikija kuanzia Oktoba inakuwa imeshapigwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Kupinga ni bure, huhitaji wakili, hauombi huruma ya mtu. Ni haki iko kwenye sheria ya kodi ya Texas na watu waliozaliwa huku wanaitumia kila mwaka kama kawaida, sisi ndo tunaogopa ofisi.

Kwanza uelewe unabishana na nani. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, kwa hiyo shule, kaunti, mji, hospitali za umma na vyuo vinategemea sana kodi ya nyumba, ukijumlisha zote mara nyingi unakuta kama asilimia 2 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, na kwenye mitaa mipya nje ya mji yenye ile kodi ya maji na mitaro inaitwa MUD inaweza kuzidi hapo. Sasa ofisi ya tathmini (Houston ni Harris Central Appraisal District, Dallas ni Dallas Central Appraisal District, Fort Worth ni Tarrant Appraisal District) haipangi hicho kiwango cha kodi, kazi yake ni kupanga thamani tu. Kwa hiyo ukienda pale ukaanza kulalamika kodi ni kubwa, nina watoto wanne, masaa ya kazi yamepunguzwa, watakusikiliza kwa heshima alafu hawatabadilisha chochote kwa sababu sheria haiwaruhusu kuangalia hayo. Kitu pekee mnachozungumza pale ni namba ya thamani. Shika hilo mwanzo mpaka mwisho.

Na hiyo namba imetoka wapi? Kwenye kompyuta. Kaunti ina nyumba malaki na malaki, hakuna mtu aliyeingia kwako kuona msingi umepasuka au bafu la juu linavuja, wanachukua mtaa mzima, wanaangalia bei zilizouzwa, futi za mraba, mwaka wa kujengwa, wanapata makadirio. Kuna kitu kingine wengi hawajui, Texas hakuna sheria inayomlazimisha mnunuzi kuitangazia serikali bei aliyonunulia, kwa hiyo hata hizo bei wanazotumia hawana zote. Ni makadirio ya jumla, na we unaijua nyumba yako kuliko wao.

HATUA YA 1: HOMSTEDI KWANZA

Kabla ya kupinga chochote hakikisha una msamaha wa homstedi, yaani ule wa nyumba unayoishi mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini ya kaunti yako, tafuta jina lako au anwani, angalia kwenye misamaha kama imeandikwa homestead. Kama haipo unaacha hela nyingi mezani. Kuanzia mwaka wa kodi 2025 upande wa shule unaondolewa dola 140,000 za thamani kabla ya kupigiwa kodi (kabla ya hapo ilikuwa 100,000), na mwenye miaka 65 na kuendelea au mwenye ulemavu anaongezewa dola 60,000 juu yake. Kama unaishi na mzee na jina lake liko kwenye hati ya nyumba, hilo uliangalie leo leo.

Fomu ni namba 50-114, ni bure, na anwani kwenye leseni yako ya Texas iwe ya nyumba hiyo. Ukinunua nyumba utaanza kupokea barua zinazofanana na za serikali zinakutaka ulipe ada ili wakujazie homstedi, usilipe hata senti. Na kama ulisahau miaka iliyopita bado unaweza kuomba kwa kuchelewa, mpaka miaka 2 baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka huo ilihesabika imechelewa, wanakurudishia.

Homstedi ina faida ya pili, thamani unayopigiwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka hata soko likipaa vipi (ukijenga chumba kipya au bwawa hiyo inahesabiwa pembeni). Ila hiki kizuizi kinaanza Januari ya mwaka unaofuata baada ya mwaka wa kwanza wa homstedi yako, kwa hiyo mtu aliyenunua juzi juzi hana kinga, na ndo maana kupinga kwake kuna maana kubwa zaidi. Nyumba ya kupangisha haina homstedi, ila kwa miaka ya 2024 mpaka 2026 mali isiyo ya homstedi yenye thamani isiyozidi takriban dola milioni 5 ilipewa kizuizi cha asilimia 20.

HATUA YA 2: SOMA NAMBA MBILI

Kwenye barua utaona thamani ya soko na utaona thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi. Kama una kizuizi cha asilimia 10 hizi mbili zinaweza kuwa tofauti na hapa ndo watu wengi wanapotea. Mfano, mwaka jana ulipigiwa kodi kwa 320,000, mwaka huu soko wanasema 400,000, lakini kwa sababu ya kizuizi unapigiwa 352,000. Ukienda ukapambana wakashusha soko kutoka 400,000 mpaka 370,000 bili yako ya mwaka huu haibadiliki hata dola moja, maana ulikuwa unalipia 352,000 tayari. Ili uone hela inabidi ushuke chini ya 352,000. Bado kushusha soko kuna faida, mwakani namba inakuwa na nafasi ndogo ya kukukimbilia, lakini ujue unapigania nini kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Ambaye hana kizuizi hesabu yake ni rahisi, ukishusha 30,000 na kodi yako jumla ni asilimia 2.2, umeokoa dola 660 mwaka huo.

HATUA YA 3: WASILISHA PINGAMIZI KABLA YA TAREHE

Mwisho ni tarehe 15 Mei, au siku 30 tangu ofisi ilipokutumia barua, itakayochelewa zaidi kati ya hizo mbili ndo hiyo. Usisubiri mpaka uwe na ushahidi! Pingamizi unaweka leo, ushahidi unatafuta baadaye, kinachotakiwa kuwahi ni fomu tu. Na kama thamani haikupanda si lazima wakutumie barua, kwa hiyo kutopata barua hakumaanishi huwezi kupinga, ingia kwenye tovuti mwenyewe Aprili ikifika.

Unaweza kujaza fomu 50-132 ukaituma kwa posta (tunza risiti ya posta) lakini onlaini ni rahisi zaidi, Harris wanaita iFile, Dallas uFile, namba ya kuingilia iko kwenye barua yako. Utaulizwa sababu. Weka tiki mbili, ya kwamba thamani ni kubwa kuliko soko, NA ya kwamba nyumba yako haijathaminiwa kwa usawa na nyumba nyingine. Ukiacha moja umejifungia mlango mmoja mwenyewe. Wakikuuliza maoni yako kuhusu thamani, weka namba unayoweza kuitetea, usiweke nusu ya thamani ukadhani mtakutana katikati, huku hawapatani bei hivyo.

HATUA YA 4: OMBA USHAHIDI WAO

Ukishawasilisha, omba kwa maandishi ushahidi wote ambao ofisi itautumia dhidi yako. Sheria inawataka wakupatie angalau siku 14 kabla ya kikao, na hawaruhusiwi kukutoza hela. Ukiomba na wasikupe kwa muda, hawaruhusiwi kuutumia kwenye kikao. Mi naona hii ndo hatua yenye nguvu kuliko zote na ndo inayorukwa zaidi, maana ukipata faili lao unaona wamekulinganisha na nyumba zipi, mara nyingi utakuta wamechukua nyumba iliyopakwa upya, jiko jipya, iko upande wa pili wa barabara kuu kwenye shule nyingine kabisa, na hapo hoja yako wameshakuandikia wao.

HATUA YA 5: TENGENEZA KESI YAKO

Anza na karatasi ya nyumba yako kwenye tovuti yao. Angalia futi za mraba, idadi ya mabafu, mwaka wa kujengwa, gereji, bwawa. Kama wameandika futi 2,350 na karatasi zako za kununulia zinasema 2,180, kesi hiyo imeisha bila mabishano, wapelekee karatasi.

Alafu hali ya nyumba. Dallas na maeneo ya jirani udongo ni wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa, misingi inapasuka, milango inagoma kufunga. Ukarabati wa msingi ni hela nyingi na mnunuzi yeyote angekukata bei. Lete picha, na muhimu kuliko picha lete makadirio ya gharama kwa maandishi kutoka kwa fundi au kampuni yenye jina na tarehe. Ukisema tu "msingi umepasuka" umesema neno, ukileta karatasi inayosema kurekebisha ni dola 14,000 umeleta ushahidi. Ila kumbuka ni hali ilivyokuwa 1 Januari, mvua ya mawe iliyotoboa paa mwezi wa nne haihesabiki mwaka huo.

Kama umenunua nyumba karibuni kwa bei ya chini kuliko waliyoandika, lete ile taarifa ya mwisho ya kununulia yenye bei, hiyo ni silaha kubwa. Kama ulinunua kwa bei ya juu kuliko walivyokadiria, sheria haikulazimishi kuipeleka, ila ukiulizwa ukiwa umeapa usidanganye. Hapo tegemea hoja ya pili.

Hoja ya pili ndo hii ya usawa, na kwa mtaa wa nyumba zinazofanana, hizi estate mpya ambazo watu wetu wengi wananunua, mara nyingi ndo bora. Huhitaji kujua nani kauza kwa ngapi. Unaingia kwenye tovuti ya ofisi hiyo hiyo, unatafuta nyumba za mtaa wako zinazokaribiana na yako kwa ukubwa, umri na ubora, chukua kama tano mpaka kumi, andika thamani waliyozipa, gawanya kwa futi za mraba. Weka kwenye Excel au hata kwenye daftari. Tuseme yako ina futi 2,000 na wamekupa 380,000, hiyo ni dola 190 kwa futi. Ukipanga zile za jirani kutoka ndogo mpaka kubwa namba ya katikati ikawa 172, hoja yako ni kwamba unastahili 344,000. Tofauti ya 36,000, kwa asilimia 2.2 ni dola 792. Wenye bwawa au gereji ya ziada uwarekebishe kidogo, usichague zile za bei ya chini tu ukaficha za juu, maana yule ofisa ana kompyuta mbele yake na ataziona, ukishikwa na hiyo hata hoja zako nzuri zinakosa uzito.

HATUA YA 6: ZUNGUMZA NA MTHAMINI KWANZA

Kabla ya kikao rasmi kwa kawaida kuna nafasi ya kuongea na mthamini wa ofisi, kwa simu, ana kwa ana, au wanakutumia namba onlaini, Harris hiyo wanaita iSettle. Kesi nyingi zinaishia hapa. Mtumie karatasi zako mapema, ongea kwa upole, yeye ana kesi nyingi siku hiyo na anafurahi kumpata mtu aliyejipanga. Akikupa namba iliyo karibu na uliyoitaka, chukua. Akikupa kitu kidogo sana una haki ya kukataa na kuendelea, ila ujue ukishasaini makubaliano imeisha kwa mwaka huo, kwa hiyo usisaini kwa sababu ya aibu tu, piga hesabu kwanza.

HATUA YA 7: KIKAO CHA ARB

ARB (Appraisal Review Board) ni bodi ya wananchi wa kawaida wa kaunti, si wafanyakazi wa ofisi ya tathmini, mara nyingi wanakaa watatu, unaapishwa, kinarekodiwa, na ni kifupi. Hawa ndo wanaoamua kati yako na ofisi. Kwa hoja hizi mbili, sheria inasema mzigo wa kuthibitisha uko kwa ofisi, si kwako. Na bodi haiwezi kupandisha thamani juu ya ile iliyo kwenye rekodi eti kwa sababu umepinga, hilo nalisema kwa sababu nimesikia wazee wengi wakisema "tusiwachokoze watatuongezea". Hawawezi.

Unaweza kuhudhuria kwa simu au kwa video ukiomba mapema kwa maandishi, ushahidi wako ukatangulia na hati ya kiapo, au ukatuma hati ya kiapo peke yake, fomu ni 50-283. Hii inawafaa sana madereva wa malori na wale wa zamu za usiku hospitalini. Tarehe ikigongana na kazi unaweza kuahirisha mara moja bila kutoa sababu, mradi hujaweka wakala na umeomba kabla ya siku ya kikao. Kama Kiingereza kinakupa shida piga simu ofisini mapema uulize utaratibu wa mkalimani, usikae ukaikosa siku yako kwa ajili ya lugha.

Ukifika anza na namba, "naomba thamani iwe 344,000", alafu sababu, moja baada ya nyingine, kopi kwa kila mwanabodi na moja ya ofisa. Muulize ofisa maswali, hiyo nyumba mliyonilinganisha nayo imekarabatiwa? Iko kwenye shule ipi? Mmerekebisha vipi tofauti ya ukubwa? Usimkatize akiongea, andika, subiri zamu yako.

Kuhusu kampuni zinazokupingia: zipo nyingi na nyingine zinafanya kazi yake, zinachukua sehemu ya hela uliyookoa. Mtu asiyekuwepo nyumbani miezi mitatu kwa ajili ya barabara simlaumu akiwatumia. Soma tu mkataba, wengine unajirudia wenyewe kila mwaka, wengine wana ada hata wasiposhusha kitu, na ukishamweka wakala ofisi itaongea na yeye badala yako.

UKISHINDWA, AU UKICHELEWA

Uamuzi wa bodi unakuja kwa maandishi na hapo una siku 60 za kuupinga. Mahakama ya wilaya ipo, ila kwa nyumba ya kawaida gharama zinameza faida. Kuna usuluhishi unaopitia ofisi ya Comptroller wa Texas (msimamizi wa fedha za jimbo), unaweka amana, dola 450 kwa homstedi isiyozidi 500,000 na dola 500 ikizidi hapo, msuluhishi akisogea karibu na namba yako kuliko ya bodi unarudishiwa isipokuwa dola 50, akisogea upande wao amana inaondoka. Ingia huko kama tofauti ni kubwa na karatasi zako ni nzuri. Na ukishinda, kwenye bodi au huku, mwaka unaofuata ofisi haiwezi kupandisha tena kirahisi, inatakiwa kuwa na ushahidi wa nguvu zaidi ya kawaida, kwa hiyo tunza faili lako.

Aliyepitwa na 15 Mei bado ana mlango mwembamba. Kama ofisi imezidisha thamani ya homstedi kwa zaidi ya robo, au mali nyingine kwa zaidi ya theluthi, unaweza kuomba marekebisho mpaka kabla ya kodi kuhesabika imechelewa, yaani kabla ya 1 Februari, ila kuna faini ya asilimia 10 ya kodi.

Pingamizi likiwa bado linaendelea, kodi isiyobishaniwa lipa mpaka 31 Januari. Kuanzia 1 Februari wanaongeza asilimia 7 papo hapo, na Julai inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ada za mawakili wa kaunti zinaingia.

Wa mwisho ni mwenye mogeji. Nyumba mpya kabisa mara nyingi mwaka wa kwanza inapigiwa kodi ya kiwanja tu kwa sababu 1 Januari ilikuwa haijaisha, kampuni ya mogeji inakusanya kidogo kwenye eskro (akiba ya kulipia kodi na bima inayokatwa kwenye malipo yako ya mwezi), mwaka wa pili kodi ya nyumba nzima inakuja na malipo ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola, watu wanadhani riba imepanda. Kwa hiyo ukishashusha thamani au ukipata homstedi, usiwasubiri wagundue wenyewe. Watumie uamuzi wa bodi na bili mpya, waambie kwa maandishi wafanye hesabu ya eskro upya, alafu angalia malipo ya mwezi unaofuata kama yamebadilika. Yasipobadilika wapigie simu tena.